Kabla ya Kumpa Samaki Jina

Miaka kadhaa iliyopita nilivua samaki nisiyemjua, nikamrudisha majini, kisha nikaenda kumweleza mvuvi mmoja mzee ambaye kwa masuala ya samaki nilimwamini kuliko mtu mwingine yeyote. Nilimwambia kwamba alikuwa mweusi mgongoni na mweupe tumboni, kwamba alikuwa na sharubu, na kwamba urefu wake ulizidi kidogo mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniuliza, "Mwanangu, sharubu zake zilikuwa ngapi?" Sikujua. Akauliza kama pezi la mgongoni lilifika karibu na mkia au lilikatikia njiani. Sikujua. Akauliza tena kama nyuma ya pezi hilo kulikuwa na jingine la nyama tupu, lisilo na miba. Nikabaki kimya. "Basi hukumwona," akasema. "Ulimshika tu."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimemshika samaki yule kwa dakika nzima, nimemgeuza huku na huku, nikamstaajabia, na bado sikuwa na jambo hata moja la kumsaidia mtu mwingine kumtambua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza kumtazama samaki kabla ya kumtafutia jina, na haya ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyapata kwa kukosea mara nyingi nikiwa nimesimama ukingoni, mshipi mkononi.

Nianze na rangi, maana jicho hukimbilia rangi, na rangi ndiyo shahidi asiyeaminika kuliko wote. Maelezo yangu ya "mweusi mgongoni, mweupe tumboni" yanawafaa samaki wengi mno duniani. Mgongo mweusi humficha samaki asionekane na ndege anayemtazama kutoka juu, kwa kuwa hufanana na kina cha maji, na tumbo jeupe humficha asionekane na adui aliye chini yake, kwa kuwa hufanana na mwanga wa juu. Kanuni hii ina nguvu kiasi kwamba wale wanaoivunja huivunja kwa sababu maalumu: katika bonde la mto Kongo kuna gogogo mdogo, samaki mwenye sharubu, Synodontis nigriventris, ambaye huogelea chali, na kwa hiyo tumbo lake ndilo jeusi kuliko mgongo. Jina lake la pili lina maana ya tumbo jeusi.

Isitoshe, rangi hubadilika. Samaki yuleyule akiishi katika maji ya tope huwa amepauka, na akiishi katika maji maangavu yenye majani mengi huwa na rangi iliyokolea. Dume la perege wa aina ya Oreochromis mossambicus linapoingia katika msimu wa kuzaliana huwa jeusi, koo likawa jeupe na kingo za mapezi zikawa nyekundu, ilhali nje ya msimu huo ni samaki wa kijivu ambaye hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Nilipowaona wawili hao kwa mara ya kwanza niliandika kwamba ni aina mbili tofauti. Kisha kuna kifo, ambacho hufuta rangi kwa dakika chache. Mistari iliyokuwa wazi samaki alipotoka majini hufifia, na madoa ambayo hayakuwapo huibuka. Kwa hiyo mimi huiandika rangi mwisho, na huandika pia kama samaki alikuwa hai au la.

Kinachostahili kutazamwa kwanza ni mapezi. Samaki wa kawaida ana mapezi mawili ya kifuani, mawili ya tumboni, moja au mawili ya mgongoni, moja la chini nyuma ya tundu la haja, na la mkia. Swali linalotenganisha makundi makubwa kwa haraka kuliko yote, na ambalo sikuwahi kumsikia mvuvi wa mapumziko akiliuliza, ni mahali yalipo mapezi ya tumboni. Kwa jamaa ya kambare, ya kuyu na ningu, na ya samoni, mapezi hayo yako nyuma, karibu na katikati ya tumbo. Kwa sangara, sato na jamaa zao, yamesogea mbele hadi chini ya yale ya kifuani, kana kwamba samaki amekunja miguu chini ya kidevu. Mkunga hana kabisa mapezi ya tumboni, na ndiyo njia rahisi ya kumtofautisha na kamongo, ambaye umbo lake refu la nyoka limewadanganya wengi, lakini ambaye mapezi yake ya kifuani na ya tumboni, yote manne, yamekuwa kama nyuzi zinazoning'inia.

Baada ya hapo natazama miba. Pezi linaweza kushikiliwa na miba migumu yenye ncha, au na vijiti laini vinavyopinda na kugawanyika kuelekea kwenye ncha, au na vyote viwili. Wataalamu huandika idadi ya miba kwa tarakimu za Kirumi na idadi ya vijiti laini kwa tarakimu za kawaida, hivyo ukikuta maelezo ya pezi la mgongoni yamesema XVII 12, fahamu kwamba wamehesabu miba 17 na vijiti laini 12. Hesabu ya namna hii hufanyika vizuri zaidi kwenye picha kuliko kwa samaki anayepigapiga mkia mkononi. Ukitaka kugusa, pitisha kidole kutoka kichwani kuelekea mkiani, kamwe si kinyume chake. Gogogo wana mwiba wa mgongoni na miba ya kifuani ambayo hujifunga ikisimama, haikunjiki hata ukiisukuma, na wengine huisugua kwenye mashimo yake wakatoa mlio. Nilijifunza jambo hili kwa kiganja changu, na kovu lipo.

Lile pezi la nyama alilolitaja mzee ndilo pezi la mafuta. Liko mgongoni, kati ya pezi la mgongo na mkia, halina miba wala vijiti, na mtu asiyelitafuta halioni. Samoni na trauti wanalo, chui wa majini wa Afrika wa jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu) Hydrocynus, wenye meno marefu yanayochomoza hata mdomo ukiwa umefungwa, wanalo pia, na samaki wengi wenye sharubu wanalo. Lakini kambare wa kawaida, Clarias, hana: pezi lake la mgongo ni refu, laini, na hunyooka hadi karibu na mkia. Jamaa yake wa karibu, Heterobranchus, ana kichwa kilekile kipana, sharubu zilezile jozi nne, na ngozi ileile isiyo na magamba, isipokuwa pezi lake la mgongo hukatika mapema na kufuatwa na pezi la mafuta lililo refu na nene. Wote wawili huitwa kambare na watu wengi, na kwa chungu haina neno, ila kwa mtu anayetaka kujua ni nani anaishi katika maji fulani, hao ni samaki wawili.

Sharubu zenyewe zina mengi ya kusema, na kuziona hakutoshi. Clarias ana jozi nne. Gogogo ana jozi tatu, na zile za chini zina matawi kama unyoya. Kapi wa kawaida, Cyprinus carpio, ana jozi mbili fupi kwenye pembe za mdomo, na hizo ndizo zinazomtofautisha na samaki wa dhahabu aliyetupwa mtoni akakua na kurudia rangi yake ya asili ya kijani na kahawia, kwani huyo hana sharubu hata moja. Nilipomtaja kapi nimekumbuka kueleza kwamba magamba nayo yanaweza kukuchezea: kuna kapi waliozalishwa na wafugaji ambao wana magamba machache makubwa yaliyotapakaa, na wengine karibu hawana, nao wote ni aina ileile moja.

Mdomo huonyesha namna samaki anavyokula, na kwa hiyo huonyesha ukoo. Mdomo unaotazama juu ni wa samaki anayeokota chakula karibu na uso wa maji. Unaotazama chini, wenye midomo minene, kama wa ningu, ni wa anayekwangua mwani na vijidudu juu ya mawe na tope. Domodomo wamerefusha pua na kidevu, shina la mkia wao ni jembamba kama kidole, na hutoa umeme dhaifu wa kuwasaidia kujua mazingira yao gizani, umeme ambao mkono wa binadamu hauuhisi. Kwa samaki wa Amerika Kaskazini waitwao bass, mpaka kati ya aina mbili maarufu uko kwenye taya: ya mmoja hupita nyuma ya jicho mdomo ukiwa umefungwa, ya mwenzake huishia chini ya jicho. Katika mabwawa mengi mchezo mzima wa kuwatambua hauna zaidi ya hapo.

Jambo moja dogo limenisaidia kuliko yote, na mpaka leo hunifurahisha. Tazama pua. Samaki wengi wenye mifupa wana matundu mawili ya pua kila upande wa kichwa, moja la maji kuingilia na jingine la kutokea. Sato, perege, furu na ukoo wao wote kwa kawaida wana tundu moja tu kila upande. Tena mstari wa ubavuni, ule wa vitundu vidogo ambao samaki hutumia kuhisi mtikisiko wa maji, kwao umekatika vipande viwili: cha mbele kiko juu, cha nyuma kiko chini, katikati ya shina la mkia. Sangara mchanga ambaye mtu mwenye haraka angeweza kumchanganya na samaki wa ukoo huo ana mstari mmoja usiokatika, unaoendelea hata juu ya pezi la mkia, na pezi lake la mgongo limegawanyika karibu kuwa mawili. Ukishaviona vitu hivi viwili mara moja, hutahitaji kuuliza tena.

Hapo ndipo inafaa pia kujua pa kukomea. Kwamba samaki ni wa ukoo wa sato unaweza kulisema kwa uhakika ukiwa ukingoni. Kwamba ni Oreochromis niloticus unaweza kulisema ukiona mistari ya wima iliyopangika vizuri kwenye pezi la mkia, kuanzia shinani hadi ukingoni. Kwamba ni furu unaweza kulidhania ukiona dume lenye madoa ya mviringo kama mayai kwenye pezi la chini. Lakini ni furu gani? Katika Ziwa Victoria pekee wataalamu wamekadiria mamia ya aina, nyingi zikitofautiana kwa meno, kwa umbo la kichwa, na kwa rangi ya madume peke yake. Na perege wa aina mbalimbali waliohamishwa na binadamu kutoka ziwa moja hadi jingine huzaana wao kwa wao, hivyo samaki aliye mkononi mwako anaweza kuwa na mkia wa baba na kichwa cha mama. Mtu anayelazimisha jina kamili juu ya samaki wa namna hiyo anaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Mimi huandika ukoo, nikaacha nafasi.

Hadi hapa nimesema kana kwamba samaki yuko mkononi. Mara nyingi hayuko. Ametokea kivulini, amegeuka mara moja, ameondoka. Maji hupinda mwanga, hivyo sakafu ya maji yenye kina cha mita 2 huonekana kama iko kwenye mita 1.5 hata ukitazama wima kabisa, na ukitazama kwa mshazari kina huonekana kifupi zaidi. Samaki naye huonekana yuko juu na mbali kuliko alipo. Miwani ya polaroidi huondoa mng'ao wa uso wa maji, na nadhani ni kifaa chenye faida kubwa kuliko ndoano ya bei kubwa yoyote. Kwa samaki wa kupita namna hii, mwenendo wake hufaa kuliko umbo. Aliyepanda juu taratibu, akagusa hewa kwa pua, akazama bila haraka, huenda ni kamongo, ambaye akikua hawezi kuishi bila kuvuta hewa, au kambare, ambaye ana kiungo cha kupumulia juu ya matamvua. Ikiwa samaki wa kila aina wanahemahema juu kwa pamoja alfajiri, hiyo si tabia ya aina fulani, ni upungufu wa oksijeni ndani ya maji. Mashimo ya mviringo kwenye mchanga wa maji mafupi, kila moja likilindwa na samaki mmoja mwenye hasira, kwa kawaida ni viota vya madume ya perege. Na jike lililovimba koo, lisilogusa chambo kinachopita mbele ya pua yake, huenda limebeba mayai au watoto mdomoni.

Kumkosea samaki jina kuna madhara pia. Mwaka 2002 samaki aina ya Channa argus, mwenye asili ya Asia Mashariki, alipatikana katika bwawa moja huko Crofton, Maryland, nchini Marekani, na wenye mamlaka wakalitia sumu bwawa zima ili asienee. Wavuvi wakahimizwa wamuue popote watakapomkuta. Tatizo ni kwamba maji ya nchi hiyo yana samaki wa kale wa kwao, bowfin, ambaye naye ni mrefu, ana pezi refu la mgongo, huvuta hewa, na sura yake si ya kupendeza. Asiyejua atamuua mwenyeji akidhani ameangamiza mgeni. Jibu liko chini ya mwili, si juu: pezi la chini la Channa ni refu, na mapezi yake ya tumboni yako karibu kabisa na yale ya kifuani, ilhali pezi la chini la bowfin ni fupi na mapezi ya tumboni yako nyuma sana.

Wapo pia wasiostahili kuguswa kabla ya kujulikana. Samaki mnene kama soseji, mwenye jozi tatu za sharubu, macho madogo, na mgongo usio na pezi lolote isipokuwa dogo la mafuta karibu na mkia, ni kambare wa umeme, Malapterurus, na pigo la aliyekomaa linaweza kufika volti 350. Akiwa mshipini, kata mshipi. Na samaki mwenye meno manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, anayejijaza maji au hewa akawa kama mpira, ni bunju. Wako wa maji baridi pia, wengine wana sumu isiyoondolewa na moto wa kupikia, na hapaswi kufika jikoni hata kama jina lake halijathibitishwa.

Picha nzuri humaliza maswali mengi, na picha mbaya ndiyo hii ambayo sote tunayo: mtu anacheka, samaki ameshikwa kwa vidole vinavyofunika pezi la kifuani na kifuniko cha matamvua. Lowanisha mikono kwanza, ili usiufute ute unaomkinga na maradhi. Mlaze ubavu juu ya kitu kilicholowa maji, kichwa kikielekea kushoto, kama wachoraji wa vitabu vya samaki wanavyofanya, kisha inua pezi la mgongo kwa ncha ya kidole na utandaze mkia. Weka kipimo kando yake. Piga ubavu mzima, kichwa kwa karibu ili pua na mdomo vionekane, halafu tumbo. Ukipima urefu, andika umepima hadi wapi, kwa kuwa urefu hadi shina la mkia na urefu hadi ncha ya mkia ni namba mbili tofauti, na si kila mtu hutumia kipimo kimoja. Yote haya yasizidi muda ambao wewe mwenyewe ungeweza kuziba pumzi.

Majina ya Kiswahili nayapenda, na siku zote huyaandika, lakini huyaandika pamoja na la kisayansi ninapolijua. Perege, sato na ngege hutumika tofauti ufukwe hadi ufukwe, na nimewahi kusikia wavuvi wawili wakibishana kwa dakika kumi kabla ya kugundua kwamba walikuwa wakimsema samaki mmoja. La kisayansi nalo lisomwe lote. Sato na sangara, ambao hawana undugu wa karibu, wote wawili jina lao la pili ni niloticus, yaani wa Nile. Anayekwambia amevua niloticus hajakwambia kitu. Hazina ya mtandaoni ya taarifa za samaki iitwayo FishBase huorodhesha majina ya kienyeji ya lugha nyingi chini ya kila aina, na mimi huanzia huko, kisha narudi kwenye picha yangu na kuhesabu miba upya.

Hivi karibuni nilivua samaki mwingine mwenye sharubu. Nilimlaza ubavu, nikahesabu jozi nne, nikafuata pezi la mgongo kwa kidole mpaka lilipokatika, na nyuma yake nikakuta pezi la mafuta, refu na nene. Nilimrudisha majini nikiwa na jina la jenasi, Heterobranchus, na picha tatu. Nilipompelekea mzee daftari, alizitazama picha moja moja, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akafungua ukurasa wa kwanza kabisa. "Na huyu?" akauliza. Pale nilikuwa nimeandika mweusi mgongoni, mweupe tumboni, ana sharubu. Nafasi ya jina bado iko wazi.